Nafasi tupu na anayeijaza: kau, ka na ce'u katika Lojban

Swali: Ninajifunza Lojban, lugha ya kubuniwa yenye sarufi ya kimantiki, na nimekwama pawili. Nikitaka kusema "Najua nani alichukua kitabu", huandika mi djuno lo du'u ma pu lebna lo cukta, nami huambiwa kwamba nimeuliza swali badala ya kutoa taarifa. Halafu nikitaka kusema "Juma na Asha wanatofautiana katika wanachopenda", sijui nichukue ka (sifa), du'u (kauli) au ni (kiasi), wala ce'u ikae wapi. Tena, je, kila nomino yetu ya u-, kama urefu, upendo na uzuri, huwa lo ka?

Jibu: Matatizo haya mawili ni ndugu, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja. Kila selbri, yaani neno linalobeba kauli kama djuno au lebna, ina nafasi zake zenye mpangilio maalumu. Lebna ina tatu: mchukuaji, kinachochukuliwa, na anayenyang'anywa. Si lazima zote zijazwe kwa jina. Ukiiacha nafasi kimya (au ukisema zo'e), muktadha ndio unaoijaza. Ukitia ma, unamwachia msikilizaji aijaze. Ukitia ma kau, inajazwa na ukweli wa mambo, uwe umeutaja au hukuutaja. Ukitia ce'u, inajazwa na selbri ya nje, ile iliyoibeba sentensi yako ndogo. Kila unapokwama, uliza: nafasi hii namwachia nani?

Tuanze na sentensi yako. Neno ma (nani, nini) halizuiliwi na du'u, neno linaloitia sentensi ndogo ndani ya kubwa kama kauli. Hata ukilizika ndani kabisa, linaigeuza sentensi nzima kuwa swali kwa unayezungumza naye. Ulichoandika kinasomeka hivi: "Ni nani ambaye najua kuwa alichukua kitabu?" Ni swali la ajabu kumuuliza mwingine, maana linahusu ujuzi wako mwenyewe. Linganisha hizi mbili:

do djuno lo du'u ma pu lebna lo cukta
"Ni nani unayejua kuwa alichukua kitabu?" Jibu lake ni jina: la .djumas.

xu do djuno lo du'u ma kau pu lebna lo cukta
"Je, unajua nani alichukua kitabu?" Jibu lake ni go'i au na go'i, ndiyo au hapana.

Kwa hiyo yako inasahihishwa kwa silabi moja tu: mi djuno lo du'u ma kau pu lebna lo cukta. Kuandika makau kwa pamoja au ma kau kwa kutenganisha ni mamoja. Kisicho mamoja ni mahali pa kau. Neno hili liko katika kundi la UI, na maneno ya kundi hilo hushika neno lililotangulia. Ukiandika ma pu kau lebna, kau imeshika pu (alama ya wakati uliopita), na ma imebaki swali la wazi. Kosa hili ni gumu kuliona kwa macho kwa sababu sentensi bado ni halali kisarufi.

Kinachofanyika kwa ma hufanyika kwa maneno yote ya kuulizia. Ma kau ni ya nani na nini. Mo kau huuliza selbri yenyewe: lo du'u do mo kau, "unafanya nini" au "wewe ni nini". Xo kau ni ya idadi: lo du'u xo kau prenu cu zvati, "ni watu wangapi wapo". Cu'e kau ni ya wakati wa kitenzi. Maswali ya viunganishi yanataka uangalifu zaidi, kwa kuwa Lojban haina "au" moja ya kuulizia. Kati ya vitu viwili ni ji kau: do pinxe lo tcati ji kau lo ckafi, "unakunywa chai au kahawa". Kati ya vitendo viwili ni gi'i kau: do cliva gi'i kau stali, "unaondoka au unabaki".

"Lini", "wapi" na "kwa nini" hazina neno lao la pekee. Unaunga ma kau na kihusishi au na nafasi ya selbri inayofaa: ca ma kau kwa lini, zvati ma kau kwa wapi, mu'i ma kau kwa nia iliyomsukuma mtu, ri'a ma kau kwa kisababishi cha kimaumbile, ki'u ma kau kwa sababu ya kuhalalisha jambo. Lojban itakulazimisha uchague "kwa nini" ya aina gani. "Kitabu gani" ni ma kau poi cukta, wakati lo mo kau cukta ni "kitabu cha namna gani".

Sasa uangalie mtego unaotukamata sisi hasa tunaofikiri kwa Kiswahili. Sisi tuna njia mbili za kusema jambo hili. Twaweza kusema "najua nani alichukua kitabu", na twaweza kutumia kirejeshi: "namjua aliyechukua kitabu", "najua kilipo", "najua anakokwenda", "najua unavyojenga". Kirejeshi kinavutia kutafsiriwa kwa lo (inayotaja kitu) au kwa poi ("ambaye, ambacho"), na hapo mambo huharibika. Mi djuno lo pu lebna be lo cukta haisemi kitu chenye maana, kwa sababu nafasi ya pili ya djuno hupokea kauli, yaani du'u, haipokei mtu. Mtu unayefahamiana naye husemwa kwa selbri nyingine: mi se slabu lo pu lebna be lo cukta. Hiyo inaweza kuwa kweli hata kama hujui kwamba ndiye mchukuaji. "Najua kilipo" ni mi djuno lo du'u lo cukta cu zvati ma kau, na "najua unavyojenga nyumba" ni mi djuno lo du'u do ta'i ma kau zbasu lo dinju. Kanuni ya mkononi: kama kirejeshi chako kinaweza kugeuzwa kuwa "nani, wapi, vipi" bila maana kubadilika, Lojban inataka kau.

Maana ya kau inaeleweka vizuri ukiifikiria kama rundo la kauli. Lo du'u ma kau pu lebna lo cukta inasimamia rundo lote: Juma alikichukua, Asha alikichukua, Hasani alikichukua, na kuendelea. Mi djuno inadai kwamba ile iliyo kweli miongoni mwao naijua. Hii ndiyo sababu kau inaelewana na selbri za kujua na za kutafuta kujua: djuno, facki (kugundua), morji (kukumbuka), kucli (kuwa na hamu ya kujua). Jinvi, "kuwa na maoni kwamba", haielewani nayo, kwa sababu maoni hayalazimiki kuangukia kwenye kauli ya kweli. Kiswahili chenyewe kinakataa jambo hilohilo: "nadhani nani atashinda" haisemeki kama taarifa. Masikio yako yakikataa, mara nyingi Lojban nayo inakataa.

Kau pia huweza kushika jibu lenyewe badala ya neno la kuulizia:

mi djuno lo du'u la .djumas. kau pu lebna lo cukta

Hapa umesema kwamba swali la nani alichukua unalo jibu lake, na hapohapo umelitaja. Kiswahili kinalipata kwa "ni": najua ni Juma aliyekichukua. Bila kau ungesema tu unajua kwamba Juma alichukua kitabu, bila kuashiria kwamba palikuwa na swali.

Kwa "kama" na "iwapo" tunatumia xu kau. Mahali pake pa kawaida ni mara tu baada ya du'u, ambapo inagusa kauli nzima: mi kucli lo du'u xu kau do cliva, "nina hamu ya kujua kama unaondoka". Ukiisogeza, mkazo unasogea nayo: lo du'u do xu kau cliva ni "kama ni wewe unayeondoka". Utakutana na maandishi yanayotumia lo jei do cliva kwa maana ya "kama unaondoka". Nakushauri usiige. Jei hutoa thamani ya ukweli ya kauli, kitu kama kweli, uongo, au namba iliyo kati ya 0 na 1, na thamani si kauli. Djuno inataka kauli. Maandishi ya zamani, pamoja na kitabu cha marejeleo cha John Cowan cha mwaka 1997, yatakuonyesha pia le du'u mahali ninapoandika lo du'u. Hilo lisikusumbue hapa.

Jambo la mwisho upande huu ni kusema na kuuliza. Cusku, "kueleza kwa maneno", nafasi yake ya pili hutaka maneno, haitaki kauli tupu. Du'u ina nafasi mbili: ya kwanza ni kauli, ya pili ni sentensi inayoibeba. Kwa hiyo "alisema nani ameondoka" ni ko'a pu cusku lo se du'u ma kau pu cliva. Ile se ndiyo inayotoka kwenye kauli kwenda kwenye maneno. Retsku, "kuuliza", inafuata mtindo huohuo. Wanafunzi wengi huitia se kwenye djuno na kuiacha kwenye cusku, kinyume kabisa.

Tuje kwenye sifa. Ka ni du'u iliyotobolewa, na ce'u ndiyo tundu. Isipokuwa na ce'u hata moja, kauli imekamilika: hiyo ni du'u. Yenye ce'u moja ni sifa ambayo kitu kinaweza kuwa nayo au kutokuwa nayo. Yenye mbili ni uhusiano kati ya vitu viwili, na ce'u ya kwanza huchukua kitu cha kwanza: la .djumas. cu ckini la .acas. lo ka ce'u pendo ce'u, yaani Juma anahusiana na Asha kwa kuwa ni rafiki yake. Kwa mambo ya wao kwa wao, wengi hutumia simxu kwa umbo hilohilo: la .djumas. jo'u la .acas. cu simxu lo ka ce'u prami ce'u, "Juma na Asha wanapendana". Kazi ambayo Kiswahili kinaifanya kwa -ana mwishoni mwa kitenzi, hapa inafanywa na simxu ikisaidiwa na matundu mawili.

Kwa mazoea, usipoandika ce'u ndani ya ka, inahesabiwa kukaa katika nafasi ya kwanza iliyo wazi. Lo ka prami mi ni "kunipenda", kwa kuwa nafasi ya kwanza iko wazi. Lo ka mi prami ni "kupendwa nami", kwa kuwa mi imeshaichukua ya kwanza. Mpaka hapo hakuna taabu. Taabu inakuja pale unapoweka mtu katika nafasi ya kwanza ukidhani umetaja "sifa yake". Lo ka mi klama lo zarci si "kwenda kwangu sokoni". Klama ina nafasi tano: mwendaji, aendako, atokako, njia, na chombo. Mbili za kwanza zimejazwa, kwa hiyo tundu linaangukia ya tatu, na umetaja sifa ya kuwa mahali ninapotoka nikienda sokoni! Ulichotaka ni tukio: lo nu mi klama lo zarci.

Hapo ndipo swali lako la nomino za u- linapojibika. Hapana, si kila moja ni lo ka. "Upendo" unaweza kuwa hali inayoendelea (lo nu la .acas. cu prami lo verba), sifa (lo ka prami lo verba), kiasi (lo ni ya kauli hiyo), au dhana ya upendo (lo si'o prami). Anayeamua ni selbri ya nje, wala si nomino ya Kiswahili. "Uzuri wake ulinishangaza" ina spaji, na kinachoshangaza ni tukio au hali: lo nu ko'a melbi cu spaji mi. Ukiandika lo ka ko'a melbi umekosea mara mbili: aina si ile inayotakiwa, na tundu limeangukia nafasi ya pili ya melbi, yaani mtu anayemwona mzuri.

Selbri zinazotaka sifa ni za kuzikariri, na si nyingi: ckaji (kuwa na sifa), zmadu na mleca (kuzidi, kupungukiwa), dunli (kulingana), frica (kutofautiana), simsa (kufanana), traji (kuwa wa juu kabisa kwa jambo fulani). Mi zmadu do lo ka clani, "nakuzidi urefu". Troci, "kujaribu", inapokea ka pia: mi troci lo ka bajra, ambapo anayekimbia ni mimi ninayejaribu. Djica inataka tukio, kwa hiyo ni mi djica lo nu mi bajra, na ile mi ya pili haiachwi. Kuhusu kakne, "kuweza", orodha rasmi inataja tukio, ila wengi siku hizi huandika ka. Usishangae ukikuta zote.

Mara nyingine nomino ya u- haihitaji ufupisho (ndivyo ninavyoita maneno kama ka, du'u, nu na ni pamoja na sentensi zake) wa aina yoyote. "Urefu wa mti ni mita kumi" ni lo tricu cu mitre li pano, basi. Na "najua urefu wa mti" si mi djuno lo ni. Inarudi kwenye kau: mi djuno lo du'u lo tricu cu mitre li xo kau.

Sasa Juma na Asha. Hapa kau na ce'u zinakutana katika sentensi moja, na kila moja inafanya kazi yake:

la .djumas. cu frica la .acas. lo ka ce'u nelci ma kau

Frica inamtia Juma kwenye ce'u, kisha inamtia Asha. Kila mara inabaki "anapenda nini", na ukweli unaijaza ma kau. Majibu hayalingani, na hiyo ndiyo tofauti. Ukisema lo ka nelci lo cukta, bila kau, umesema jambo jingine: mmoja anapenda vitabu na mwenzake hapendi. Ukitia ma peke yake, lo ka ce'u nelci ma, umemuuliza msikilizaji ni kitu gani ambacho mmoja anakipenda na mwingine hakipendi.

Mahali pa ce'u ni muhimu vilevile. La .djumas. cu dunli la .acas. lo ka ma kau mamta ce'u maana yake mama yao ni mmoja. Iandike lo ka ce'u mamta, na Juma na Asha wamekuwa sawa kwa kuwa mama, jambo ambalo Juma atalikataa. Kwa idadi tumia xo kau:

mi zmadu do lo ka xo kau da panzi ce'u kei li re
"Nina watoto wawili zaidi yako."

Usiiache hiyo kei. Inafunga ka ili li re iende kwenye nafasi ya nne ya zmadu, ile ya kiasi kilichozidi. Bila kei, li re inanyonywa na panzi. Ni vivyo hivyo upande wa du'u: mi djuno lo du'u ma kau cliva kei do ni "najua kukuhusu wewe, nani anaondoka", lakini mi djuno lo du'u ma kau cliva do ni "najua nani anakuacha". Kilichobadilika ni silabi moja, na habari ya pili inaweza kumliza mtu. Kabla ya cu, neno linalotangulia selbri kuu, unaweza kuiacha kei, kwa kuwa cu inafunga kila kilicho wazi: lo du'u ma kau cliva cu vajni mi, "nani anaondoka ni jambo muhimu kwangu". Programu za kuchambua sentensi, kama camxes na jbofihe, zitakuonyesha kila sumti (kinachojaza nafasi ya selbri) imeangukia wapi, basi zitumie. Ila hukagua muundo tu. Ukiwapa djuno yenye lo ka, au spaji yenye lo ka, zitaipitisha bila kusema neno.

Utakapoanza kutia du'u ndani ya ka, jiulize kau ni ya sentensi ipi. Mazoea ni kwamba inashikwa na ufupisho ulio karibu nayo zaidi. Kwa hiyo mi frica do lo ka ce'u djuno lo du'u ma kau pu lebna lo cukta ina maana kwamba mmoja wetu anajua nani alichukua kitabu na mwingine hajui. Kama unataka kusema kwamba kila mmoja anamjua mchukuaji wake tofauti, itoe kau nje mpaka kwenye ka, kabla ya zo'u (neno linalotenga utangulizi wa sentensi), na uipe kiwakilishi kwa goi:

mi frica do lo ka ma kau goi ko'a zo'u ce'u djuno lo du'u ko'a pu lebna lo cukta

Chagua kiwakilishi ambacho hujakitumia katika maandishi hayo. Ikiwa ko'a imeshapewa mtu mwingine, chukua ko'e au ko'i, la sivyo msomaji atarudi nyuma kutafuta ni yupi unayemsema.